Dakta Williamson wa Mwadui: Maisha Yake na Kazi za Sayansi kwa Watoto Wakati wa Likizo

Mwalimu anayepangiwa kufundisha Songwa, au katika shule yo yote ya msingi iliyo jirani na Mwadui, hupokea darasa la watoto waliozaliwa kando ya mojawapo ya miamba ya almasi iliyo mikubwa kuliko yote duniani. Watoto hao wanalijua jina la Williamson kwa sababu mgodi unaitwa hivyo. Wanalijua bwawa la Songwa ambalo maji yake hutumika mgodini. Lakini ukiwauliza mtu huyo alikuwa nani, na kwa njia gani aliupata mwamba uliofichwa chini ya udongo na nyasi, wengi watajibu kwamba alibahatika.

Jibu hilo ni hatari kwa elimu. Mtoto anayeamini kwamba utajiri wa ardhi huokotwa kwa bahati ataona afadhali kufuata wachimbaji wa kuvizia, wale wanaoitwa wabeshi, kuliko kukaa darasani. Makala haya yanaeleza maisha ya Dakta Williamson kwa ufupi, kisha yanaonyesha jinsi mwalimu anavyoweza kuyatumia kuwapa watoto kazi za sayansi na za mikono wakati wa likizo ya Juni. Kazi zenyewe hazihitaji fedha, na mtoto aweza kuzifanya hata akiwa machungani.

Utoto na masomo

John Thorburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alipofika umri wa kuingia chuo kikuu alijiunga na McGill, mjini Montreal, akiwa na nia ya kusoma sheria. Kama mambo yangaliendelea hivyo, huenda jina lake lisingalijulikana Usukumani hata kidogo.

Kilichobadili safari yake kilikuwa ni likizo. Katika majira ya kiangazi, vyuo vilipofungwa, kijana huyo alifuatana na kikundi cha wanajiolojia waliokwenda kuchunguza miamba ya Labrador, nchi ya baridi iliyo kaskazini-mashariki ya Kanada. Huko aliona watu wakisoma ardhi kama wengine wasomavyo kitabu: wakivunja mawe, wakiyalinganisha, wakiandika na kuchora ramani. Aliporudi chuoni aliiacha sheria akashika jiolojia. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1928, ya pili mwaka 1930, na ya udaktari mwaka 1933, zote katika chuo hicho hicho.

Mwanachuo wa ualimu hana budi kulitafakari jambo hili. Maisha ya mtu yaligeuzwa na kazi aliyoishika kwa mikono yake mwenyewe katika miezi ambayo hakuna kengele wala mtihani. Shule hufungwa, lakini akili ya mtoto haifungwi. Swali ni kama mwalimu amempa jambo la kuangalia kabla hajaondoka.

Miaka ya kutafuta

Baada ya masomo, Dakta Williamson alikuja kusini mwa Afrika na kufanya kazi ya utafutaji madini katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Katikati ya miaka ya 1930 aliingia Tanganyika, akaajiriwa katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kusini ya Mwanza. Mgodi huo haukuwa na faida kubwa, na wenyewe walipokata tamaa, yeye alibaki akitafuta kwa nguvu zake.

Hoja iliyomfanya abaki ilikuwa ya kisayansi. Almasi hutengenezwa ndani sana ya ardhi, kwa kawaida katika kina cha kilometa 150 na zaidi, mahali penye joto na mkandamizo mkubwa. Huletwa juu na aina maalumu ya mwamba wa volkano uitwao kimbalaiti, ambao hupanda kwa nguvu na kuacha shimo lenye umbo la faneli, pana juu na jembamba chini. Almasi zilikuwa zimeonekana hapa na pale katika nchi ya Shinyanga na Mwanza. Basi, Dakta Williamson alijiuliza zimetoka wapi. Aliamini kwamba pana mwamba mama, nao haujaonekana bado.

Kutafuta almasi moja moja katika nchi kubwa namna ile ni kazi bure, kwa kuwa hata ndani ya kimbalaiti yenyewe almasi ni chache mno. Kwa hiyo mtafutaji hufuata dalili. Kimbalaiti hubeba pia mawe mengine yaliyo mengi zaidi kuliko almasi: ganeti, ambayo ni nyekundu iliyoiva, na ilmenaiti, ambayo ni nyeusi na nzito. Mvua na vijito huyatawanya mawe hayo mbali na asili yake. Mtu akichukua mchanga mahali pengi, akaupepeta na kuuosha, akahesabu punje za dalili na kuandika hesabu yake katika ramani, ataona kwamba punje huongezeka kadiri anavyokaribia mwamba.

Kazi hiyo ilidumu miaka kadhaa. Fedha zilimwishia, na homa zilimrudia mara kwa mara. Alipata msaada wa fedha na wa sheria kutoka kwa wakili Chopra wa Mwanza, aliyekuja kuwa mshirika wake. Wala hakufanya kazi peke yake. Wasaidizi wake, wengi wao Wasukuma, ndio waliochimba vishimo, waliobeba maji, na waliokaa juani wakichekecha mchanga na kuchagua vijiwe kwa macho na vidole. Vitabu vingi hutaja jina moja tu, lakini mikono ilikuwa mingi. Mwalimu asimfundishe mtoto wa Songwa kwamba babu zake walikuwa watazamaji.

Mwezi Machi 1940 utafutaji huo uliwafikisha Mwadui. Mwamba uliogunduliwa ulikuwa na eneo la hektari 146 hivi juu ya ardhi, mkubwa kuliko kimbalaiti zote zilizokuwa zikichimbwa kwa faida. Sehemu kubwa ilifunikwa na udongo, na ng'ombe walikuwa wamepita juu yake vizazi kwa vizazi. Masimulizi kuhusu siku ile ni mengi, na mengine humfanya Williamson kuwa mtu aliyejikwaa juu ya mali. Yakisomwa pamoja na habari za miaka iliyotangulia, inakuwa dhahiri kwamba bahati ilimkuta akiwa kazini.

Mgodi, umaarufu na mwisho wake

Mambo ya baadaye yanajulikana zaidi, nayo yatatajwa kwa ufupi. Penye pori pakawa mji wenye nyumba, hospitali, shule na uwanja wa ndege. Ulikuwa mji wa enzi ya ukoloni, wenye desturi za ukoloni: makazi na mishahara vilifuata rangi ya mtu. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Dakta Williamson alimzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huo na kuwa Malkia mwaka 1952. Ilipochongwa London ilibaki karati 23.6, ikatiwa katikati ya bizimu lenye umbo la ua.

Dakta Williamson hakuoa. Alifariki Mwadui Januari 1958 kwa ugonjwa wa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50. Mwaka huo huo mgodi ulinunuliwa kwa ubia na kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, ulitaifishwa. De Beers walirudi mwaka 1994, na mwaka 2009 hisa zao zilichukuliwa na kampuni ya Petra Diamonds.

Kwa hiyo mwamba ule umekuwa mikononi mwa wengi. Elimu ya kuupata ilikuja kutoka Montreal, na mawe yake yakaenda London. Mwalimu Nyerere alipotoa mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule imwandae mtoto kwa maisha ya nchi yake mwenyewe. Kwa mwalimu wa Songwa, Mwadui au Geita maana yake ni hii: mtoto aliyezaliwa juu ya mwamba ajifunze kuusoma mwamba.

Kazi nne za likizo

Kazi zifuatazo zinafuata hatua alizopitia Dakta Williamson. Likizo ya Juni inafaa sana, kwa kuwa ni kiangazi: mito imekauka, mchanga uko wazi, na vijia vinapitika. Wagawe watoto katika vikundi vya watano watano kufuatana na vitongoji vyao, na kila kikundi kiwe na daftari moja la kumbukumbu.

Kazi ya kwanza: sanduku la mawe. Kila mtoto akusanye mawe kumi yasiyofanana kutoka njiani, mashambani na machungani, akiandika kila moja limetoka wapi. Kisha ayajaribu kwa kuyakwaruza, kwanza kwa ukucha, halafu kwa msumari, mwisho kwa kuona kama jiwe laweza kukwaruza kipande cha chupa kilicholazwa mezani. Kipande hicho kikwaruzwe mbele ya mtu mzima na kingo zake zifunikwe kwa kitambaa. Jiwe jeupe la kwazi, ambalo watoto hudhani ni la thamani kwa sababu linang'aa, litakwaruza chupa. Hata hivyo si almasi, na almasi ingelikwaruza kwazi yenyewe. Mtoto atajifunza kwamba mng'ao si ushahidi. Mawe yapangwe katika viberiti vitupu vilivyogundishwa pamoja kwa uji wa muhogo, kila kimoja na kibandiko chake. Tone la ndimu pia lina faida: jiwe lenye chokaa hutoa povu, mengine hayatoi.

Kazi ya pili: kutenga kizito na chepesi. Chukua karai, maji, mchanga wa mtoni na vipande kumi vya msumari vilivyokatwa vidogo. Kwanza mchanga uchekechwe ili punje zake zilingane kwa ukubwa. Hatua hii isirukwe, kwa maana jiwe kubwa jepesi laweza kuwa na uzito kuliko dogo zito, na matokeo yakapotosha. Changanya vipande na mchanga, jaza maji, kisha tikisa karai kwa mzunguko mdogo huku ukimwaga tabaka la juu pole pole. Mwishoni watoto wahesabu ni vipande vingapi vimebaki kati ya kumi. Warudie mara tano na kuandika kila jibu, hata lile baya. Mchanga wa kawaida ni mzito kuliko maji mara mbili na nusu hivi, almasi mara tatu na nusu, na chuma karibu mara nane. Wakumbushe watoto kwamba mama zao hufanya kazi ya namna hiyo kila siku wanapopepeta mtama kwa ungo, ila wao hutumia upepo mahali pa maji. Mtoto akiliona hilo, sayansi haitakuwa tena jambo la wageni.

Kazi ya tatu: kufuata dalili. Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, nayo hufanyika shuleni siku ya mwisho kabla ya kufunga. Mwalimu aponde tofali jekundu la kuchoma mpaka liwe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Achague mahali pa siri uwanjani, amwage hapo mikono mitatu ya vipande na kuvifukia kidogo. Kisha atawanye vingine kuelekea mteremkoni, vikipungua kadiri anavyokwenda mbali, kama maji ya mvua yangalivyofanya. Watoto wapime uwanja kwa hatua, wachukue kopo moja la udongo kila baada ya hatua kumi, wachekeche, wahesabu vipande vyekundu, na kuandika hesabu katika ramani waliyoichora. Ramani ikijaa, waamue mwamba uko wapi kabla ya kuchimba. Sharti ni moja: hakuna kuchimba bila sababu iliyoandikwa. Kikundi kitakachopakosa kisichekwe, bali kirudie ramani yake na kutafuta mahali hesabu ilipokosewa. Nyumbani, mtoto aweza kuendeleza kazi hii kwa kuchora ramani ya udongo wa kitongoji chake kwa kutumia majina ya Kisukuma: luseni, ambao ni mchanga wa juu, itogolo wa chini kidogo, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Wazee watamsaidia. Uainishaji huo ni sayansi iliyokuwapo kabla ya shule.

Kazi ya nne: kielelezo cha mwamba na mizani ya kijiti. Kwa udongo wa kufinyanga watoto watengeneze kipande cha ardhi chenye tabaka mbalimbali, na katikati yake wapitishe faneli ya udongo uliochanganywa na majivu ili rangi itofautiane. Udongo wa mbuga mtupu hupasuka unapokauka, kwa hiyo uchanganywe na mchanga. Kielelezo kikatwe kwa uzi kabla hakijakauka, nao wataona jinsi mwamba mdogo wa juu unavyoshuka chini. Mizani hutengenezwa kwa kijiti kilichonyooka, uzi na vizibo viwili vya soda vilivyotobolewa. Mawe ya kupimia yawe punje za mahindi zinazolingana. Hapo mwalimu aeleze kwamba karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, na kwamba jina lake limetokana na mbegu ya mti, kwa kuwa wafanyabiashara wa zamani nao walipima kwa mbegu. Almasi ile ya waridi iliyosafiri mpaka kwa binti mfalme haikufika gramu 11. Watoto wa darasa la tano wafanye hesabu hiyo wenyewe.

Tahadhari

Mambo manne yazingatiwe bila kulegeza.

Kwanza, kazi yo yote isifanyike ndani au karibu ya eneo la mgodi, penye mashimo ya wachimbaji wadogo, wala kandokando ya mabwawa ya mabaki. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki la mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya wananchi.

Pili, mtoto mwenye chekeche aweza kudhaniwa kuwa mbeshi. Mwalimu amwarifu mwenyekiti wa kijiji na wazazi mapema, aeleze kazi ni ya shule, na mchanga wote utoke uwanjani au katika kijito cha kijiji kilicho mbali na ua wa mgodi.

Tatu, mahali penye dhahabu, kama Geita, wachimbaji wadogo hutumia zebaki. Ni sumu. Watoto wasiiguse, wasicheze na vyombo vyake, na wasikae penye moshi wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto, na kazi ya migodini ni mojawapo. Kazi zetu ni za kujifunza; zisifanane nayo hata kwa mchezo.

Nne, likizo ni ya mtoto na ya wazazi wake. Ng'ombe watachungwa na maji yatachotwa. Kazi ya shule isizidi saa moja kwa siku, na anayerudi na mawe matatu badala ya kumi apokewe kwa heshima.

Shule ikifunguliwa

Wiki ya kwanza ya muhula itengwe kwa maonyesho. Kila kikundi kieleze kiliona nini, kilihesabu nini, na kipi hakikueleweka. Mwalimu asitoe alama kwa uzuri wa sanduku pekee; atazame daftari. Daftari lenye tarehe, mahali na hesabu, hata kama mwandiko ni mbaya, ndilo lililo karibu zaidi na kazi iliyofanyika Shinyanga kati ya Mabuki na Mwadui.

Maswali kwa wanachuo

1. Eleza tofauti kati ya kupata kwa bahati na kupata kwa utaratibu, ukitumia habari za utafutaji wa Dakta Williamson.

2. Kwa nini ni lazima kuchekecha mchanga kabla ya kuuosha? Tengeneza jaribio litakalomwonyesha mtoto wa darasa la nne jambo hilo bila kumwambia jibu.

3. Chagua kazi moja kati ya nne na uibadili ifae shule iliyo mbali na migodi, kwa mfano ya wavuvi kando ya Ziwa Viktoria.

4. Waulize wazee watatu wa kijiji unachofanyia mazoezi ya kufundisha majina ya aina za udongo na matumizi yake. Andaa somo la dakika 40 kutokana na majibu yao.